Tumbo la Waya

Nansio, Ukerewe
30 Oktoba 2023

Wewe Elias,

Salamu utazikuta mwisho wa barua kama utazistahili. Konekta yako ya waya wa antena imekunywa maji. Nilikuambia siku ile ile ulipoifunga kwamba hicho kidude cheusi hakina uso wa kukaa mvuani. Ukacheka, ukasema kwa utani wa mjukuu, "Mke wangu, hii hata ukiitupa ziwani itabaki kavu." Haya, haijatupwa ziwani. Imekaa pale pale ulipoiweka, chini ya ukingo wa bati, mvua ikanyesha, na antena haizunguki.

Babu yako Chenge anabonyeza kile kiboksi cha kugeuzia antena akiwa kitandani. Mshale unakwenda Musoma. Mota kule juu inakoroma kidogo kama mlevi aliyeamshwa, halafu kimya. Antena imeganda inatazama Bukoba. Nani anataka habari za Bukoba kutwa nzima?

Hali yake unaijua. Tangu kiharusi kimpige mdomo hausemi, miguu haikanyagi, mkono wa kushoto ndio uliobaki na akili zake. Mtu aliyeshika usukani wa meli kwenye ziwa hili mpaka wakamstaafisha kwa nguvu, sasa usukani wake ni hicho kiboksi ulichomletea Pasaka. Majina ya bandari aliyaandika mwenyewe kuzunguka mshale, kwa mkono huo huo wa kushoto, herufi zimelala kama wagonjwa wenzake: Mwanza, Bukoba, Musoma, Kisumu. Anageuza antena anasikiliza redio ya kila bandari kwa kile kidude cha sikioni. Ndiyo safari zake. Na Jumamosi mchana ni Musoma, hapo hata uji hagusi mpaka amalize. Sasa Jumamosi mbili hajafika Musoma. Juzi alikitupa kiboksi chini. Nikakiokota, nikampa, akakitupa tena. Chenge huyo, ambaye hajawahi kunitupia hata neno.

Ilikuwa aibu zaidi kwa kuwa wanajumuiya walikuja kumwombea siku chache tu kabla ya kuharibika, wakakuta nyumba imekaa sawa, uwanja umefagiwa, hakuna kinachoning'inia ovyo. Mama Mayala akasema hapa ni kama nyumba ya masista. Leo wakija watakuta mzee anatupa vitu.

Usinipigie simu. Simu nimeizima, nimeiweka kwenye sanduku la khanga, maana wewe ukibanwa unasema, "Bibi sikusikii, mtandao." Karatasi haina mtandao. Andika, mpe Malimi muuza machungwa, anapanda meli kuja na kwenda. Niliishia darasa la nne, lakini la nne la wakati wetu.

Niambie ni konekta gani isiyoingiza maji, na uilete.

Bibi yako,
Sabina


Butimba, Mwanza
2 Novemba 2023

Shikamoo bibi,

Nimepokea barua na nimeisoma nikiwa nimesimama, kama ulivyokuwa unanisomea makosa yangu zamani. Pole sana, na umpe babu pole.

Siwezi kuja sasa. Tuko ng'ambo ya Kamanga tunasimamisha mnara, navuka asubuhi narudi jioni, na msimamizi amesema atakayeondoka kabla ya mwezi kuisha asirudi. Lakini tatizo hilo Maige wa hapo Nansio analiweza, ni fundi mzuri wa sola na waya. Kazi yenyewe ni ya konekta tu, mota haina neno kama bado inakoroma.

Bibi, konekta ile siyo mbaya. Ina mpira ndani na kola ya mpira inayoubana waya shingoni. Adui yake ni mmoja: kuvutwa. Ukivuta waya, shingo inapinda, kola inaachia upande mmoja, na mvua inayotelemka juu ya waya inaingia taratibu kama mgeni asiyebisha hodi. Ndiyo maana niliuacha ule waya ulegee, ushuke chini ya konekta kwanza, ndipo upande tena kuingia. Lile tumbo la waya, unalikumbuka? Maji yakifika pale chini yanadondoka, hayawezi kupanda. Hebu nitazamie, tumbo bado lipo? Maana upepo nao unaweza kuharibu.

Konekta zinazofaa nje ziko za aina tatu hapa mjini. Sema nikuletee ipi.

Kuna jambo lingine, na najua utanichapa kwa kalamu. Babu Jumamosi hasikilizi nyimbo za Kijaluo kama unavyowaambia watu. Anamsikiliza shangazi Rose. Ndiye anayesoma salamu kwenye ile redio ya upande wa Musoma. Kila Jumamosi anamaliza na salamu zile zile: "Na kwa mshika usukani, popote ulipo, nyumbani kwetu hatujambo, ziwa limetulia." Nilimfungia babu antena ile kwa sababu hiyo. Aliniandikia jina la Rose kwenye kiganja changu, kwa kidole.

Babu alikuahidi hatamtafuta Rose mpaka wewe umwite. Hakuahidi kutosikiliza.

Sasa najiuliza, bibi, kama kuna njia fupi kuliko waya. Simu iko sandukuni. Babu hawezi kusema, lakini masikio anayo. Ukimpigia shangazi ukaiweka simu sikioni mwake, hatuhitaji konekta wala Maige.

Nisamehe.

Mjukuu wako,
Elias


Nansio
6 Novemba 2023

Elias,

Mimi nimeuliza habari ya konekta. Nikitaka kuuliza habari ya mtu nitamtaja jina.

Huyo unayemwita shangazi, siku ya posa yake niliamka kabla ya jogoo. Nilikopa masufuria kwa majirani. Ugali wa muhogo wa kulisha kijiji, sangara wa kukaanga, kuku wawili, ndugu zangu wamevaa makoti katika jua lile wanangoja washenga wa Ogweno kutoka Mara. Hawakuja. Wangekuja kufanya nini, na binti mwenyewe alikwisha kuondoka na huyo Ogweno kwa boti usiku wa jana yake? Tulikula chakula kile siku tatu, Elias. Majirani waliokuja kuchukua masufuria yao hawakunitazama usoni. Aliporudi na zawadi zake za sukari na kitenge, nilimwambia mbele ya wajomba zake wote: usikanyage uwanja huu mpaka nikuite. Mpaka leo sijasikia sababu ya kumwita.

Chenge anasikiliza nini kwenye kile kidude cha sikioni, hayo ni masikio yake. Mimi sikuulizi na wewe usiniambie.

Njia fupi! Njia fupi ndiyo aliyopita yeye.

Haya, konekta. Usiniletee moja uliyoichagua wewe, ya kwanza uliichagua wewe tukaona. Lete zote tatu, nitachagua mimi. Nimechagua mbegu za muhogo, nimechagua mitumbwi, nimemchagua babu yako kati ya wanaume wanne. Kidude cha plastiki hakitanishinda.

Kuhusu waya, waya uko sawa. Umenyooka vizuri.

Chenge ameanza kukataa chakula cha mchana. Si Jumamosi tu, siku zote.

Sabina


Butimba
13 Novemba 2023

Shikamoo bibi,

Malimi anakuletea mfuko wenye konekta tatu. Kila moja nimeifunga kipande cha waya ili uone inavyobana.

Ya kwanza ni kiboksi cheupe chenye mfuniko na skrubu nne. Unaunganisha nyaya ndani, unafunika. Ni rahisi kuifungua, mafundi wengi wanaipenda. Lakini mpira wake ni mwembamba, na jua la kwetu litaukausha.

Ya pili ni nyeusi ya kuzungusha, ndugu ya ile ya zamani, ila nene zaidi. Pini zake ni za shaba, na kola yake inakaza kwa nati. Ndani yake Maige apake grisi hii niliyoweka kwenye kikopo cha losheni, kidogo tu.

Ya tatu ni ya chuma, inang'aa. Najua babu ataipenda kwa sababu inafanana na zile za kwenye meli. Zile za meli zilikuwa za kweli, bibi. Hii ya dukani ni chuma laini kilichopakwa mng'aro.

Mimi ningefunga ya pili. Maige aifunge na mdomo utazame chini, halafu azungushie ile tepu ya mpira inayojishika yenyewe, na aache tumbo la waya. Uliniandikia waya umenyooka. Sikuelewa umenyooka vipi, maana mimi niliuacha umelegea.

Bibi, nakuomba kwa heshima zote: iwe imefungwa kabla ya Jumamosi ya tarehe ishirini na tano. Usiniulize kwa nini. Kama umewahi kunipenda hata siku moja nilipokuwa sijafanya kosa, ifunge kabla ya siku hiyo.

Elias


Nansio
20 Novemba 2023

Elias,

Konekta zimefika. Malimi alitaka kuzifungua njiani akidhani ni hereni.

Maige naye alikuja siku hiyo hiyo na ngazi yake, akapanda, akaikata ile ya zamani. Nikamwambia shuka. Unafunga kitu ambacho hakijajaribiwa? Akasema, "Bibi, imeandikwa kwenye boksi haiingizi maji." Nikamwambia hata kwenye khanga huandikwa mambo mengi. Akanuna, akabeba ngazi. Nikamwambia asirudi mpaka nimwite. Sasa nasikia amekwenda Ukara kufunga sola kwa mtu, atarudi Jumapili.

Nimezijaribu mwenyewe. Nilitia unga wa muhogo mkavu ndani ya kila moja, kijiko kimoja, nikafunga, nikazizamisha kwenye ndoo ya maji ya ziwa, nikaweka jiwe juu. Unga wa muhogo hausemi uongo. Maji yakigusa hata kidogo, unajua.

Kile kiboksi cheupe asubuhi kilikuwa na uji. Ungeweza kumnywesha mtoto.

Ya chuma ilitoka kavu. Nikamwonyesha Chenge, akaishika, akaizungusha kwa kidole gumba, akacheka na ule upande wa mdomo unaocheka. Ni mara ya kwanza tangu antena igande. Nilitaka niichague hapo hapo kwa ajili ya kicheko hicho. Lakini nikairudisha kwenye ndoo, na usiku wa pili unga ukatoka na rangi ya chai. Kutu. Nikamwonyesha tena. Akageukia ukutani.

Nyeusi yako ilitoka kavu usiku wa kwanza, ikatoka kavu usiku wa pili. Lakini siku mbili si mvua za masika. Nimeirudisha. Na nimeongeza ile ya zamani, Maige alikuwa ameikata kabla sijamfukuza. Ilikuwa na maji ndani na pini zimeota kijani kama ukuta wa choo. Nimeianika juani ikakauka, nimeitia unga, nimeizamisha pamoja na dada yake. Nataka nikuletee uji wake kwenye chupa, uuone, ili siku nyingine usinicheke.

Tarehe ishirini na tano ina nini? Mambo ya usiniulize siyapendi. Kitu kikifungwa vizuri kinafungwa siku kilipokuwa tayari. Mimi siwezi kumfungia mzee kitu cha kuharibika tena mwezi ujao, atupe kiboksi na moyo wake pamoja.

Anakula uji wa asubuhi tu.

Sabina


Kamanga
23 Novemba 2023

Bibi,

Naandika nikiwa gatini, Malimi ananisubiri. Nimekupigia simu tangu jana, najua imelala kwenye khanga. Majirani sijawapigia kwa sababu ungesema nimekutangaza, na jambo lenyewe nilikatazwa kulisema. Sasa nalisema.

Jumamosi hii ndiyo ya mwisho ya shangazi Rose. Ogweno amehamishiwa kazi Lindi, wanahama na watoto. Lindi, bibi, mwisho wa nchi. Hakuna antena ya kufika huko. Aliniambia tangu mwanzo wa mwezi, akanikataza nisikuambie wewe, akasema, "Mama akisikia naondoka atadhani nataka kumlazimisha aniite." Lakini amejiandaa kumuaga babu hewani. Si ile salamu ya siku zote. Amesema atamwambia kila kitu, mbele ya wasikilizaji wote, kwa jina lake.

Ningekuambia barua iliyopita. Nilidhani ukisikia jina lake utakataa hata konekta. Nilikuogopa, bibi, nikafanya kosa hilo.

Mtafute fundi yeyote. Toa unga, funga nyeusi, hata bila tepu, hata bila grisi. Hata aunganishe nyaya kwa vidole, mradi antena igeuke Musoma Jumamosi saa saba mchana. Au toa simu sandukuni. Namba ya shangazi iko nyuma ya karatasi hii.

Elias


Nansio
27 Novemba 2023

Elias,

Meli hazikuvuka tangu Ijumaa kwa ule upepo, kwa hiyo sijui kama umeniandikia. Leo nasikia inakuja.

Habari njema. Imefungwa! Maige alirudi jana, nikamwita mwenyewe, akaja baada ya misa. Nimechagua nyeusi mpya. Unga wake ulitoka kavu mpaka ulipepea nilipoupuliza. Amepaka grisi, amezungusha tepu, mdomo unatazama chini. Tumbo la waya nimemsimamia mpaka likakaa, kubwa, kama la mwanamke wa miezi minane. Antena imezunguka yote, Mwanza, Bukoba, Musoma, Kisumu, ikarudi. Chenge alikuwa anaizungusha kama mtoto. Nikamwambia basi, utaichosha. Usiku amekula ugali, tonge tatu.

Tarehe ishirini na tano yako imepita na hakuna aliyekufa. Unaona? Anangoja Jumamosi hii.

Habari ya konekta ya zamani usiniulize.

Salamu zako sasa nakupa: hujambo?

Bibi yako,
Sabina


Butimba
29 Novemba 2023

Shikamoo bibi,

Sijambo. Nafikiri barua zetu zimepishana ziwani.

Nilimsikiliza shangazi Jumamosi kwa simu ya rafiki yangu aliyeko Musoma, aliiweka karibu na redio, ikawa inakatika. Nilisikia alipomtaja babu kwa jina. Halafu akavuta kamasi hewani, nikadhani mtandao. Haukuwa mtandao. Mengine sikuyasikia vizuri na siwezi kuyabuni.

Wanapanda basi tarehe tisa.

Sijui umwambie babu au usimwambie. Mimi sina la kukushauri tena, nilikwisha kuharibu kwa kunyamaza.

Elias


Nansio
3 Desemba 2023

Elias,

Barua yako ya Kamanga niliipata Jumatatu jioni, Malimi ameniletea imelowa pembeni. Niliisoma nimekaa kwenye ngazi ya Maige, aliyokuwa ameiacha. Nimeikunja, nimeifunga kwenye pindo la khanga, nimekaa nayo wiki nzima. Sikumwambia Chenge. Kila nikienda kumwambia namkuta anakifuta kiboksi kwa shuka. Unamwambiaje mtu huyo?

Wewe unasema uliharibu kwa kunyamaza. Kaa chini, hujui kuharibu, bado mtoto.

Konekta yako ya kwanza ilikaa kwenye ndoo pamoja na mpya, ikatoka kavu. Usiku wa kwanza, wa pili, wa tatu, kavu. Nilikasirika nikaona ndoo inakupendelea. Ndipo nikafunga jiwe kwenye mkia wa waya wake, nikaiacha inavutwa, nikaizamisha tena. Asubuhi ilikuwa uji. Nilijua itakuwa uji kabla sijaifungua. Maana kabla ya wanajumuiya kuja niliangalia uwanja wangu, nikaona kila kitu kimenyooka isipokuwa huo waya wako, unaning'inia kama utumbo wa mbuzi buchani, na mama Mayala ana macho. Nikapanda kwenye kigoda, nikauvuta, nikaufunga kwa kamba ya nyavu kwenye msumari. Ukanyooka kama mstari wa daftari. Nikafurahi. Uliponiuliza kama tumbo lipo, nilijua hapo hapo. Nikakuandikia waya uko sawa.

Na zile siku za ndoo, Elias. Unga ulikuwa mkavu siku ya pili. Ningemwita Maige wakati huo, angekuwa bado njiani kwenda Ukara, angerudi. Lakini nilikuwa nataka uji wa konekta yako, nikupelekee kwenye chupa.

Sasa nisikilize jana.

Jana ilikuwa Jumamosi. Niliivisha chakula mapema. Wewe na babu yako mnajiona wajanja na kidude chenu cha sikioni. Kwa nini unadhani Jumamosi chakula changu huiva mapema na kuku wote nawafukuza uwanjani ifikapo saa saba? Kwa ajili ya nyimbo za Kijaluo? Nilijua. Siku moja alisinzia kikamtoka sikioni, nikakiokota kukiweka mezani, nikamsikia Rose ndani yake, kadogo, kama yuko kisimani: ziwa limetulia. Nikakirudisha sikioni mwa baba yake. Tangu siku hiyo Jumamosi nawafukuza kuku.

Basi jana akageuza. Antena ikazunguka bila kukoroma, ikasimama Musoma pale pale. Mvua ilikuwa inanyesha, maji yanatelemka kwenye waya, yanafika kwenye tumbo, yanadondoka chini, tone moja moja. Konekta haijaingiza hata jasho. Akangoja. Nikaona uso wake unasikiliza, halafu unatafuta. Akageuza kidogo kushoto, kidogo kulia, akarudi. Akabonyeza. Akafikiri ameikosa. Mtu aliyeleta meli gatini usiku wa ukungu anafikiri ameikosa Musoma. Nami nimekaa hapo na barua kwenye khanga, mdomo wangu nao umepigwa kiharusi.

Alingoja mpaka mwisho wa salamu. Ndipo akakitoa sikioni, akaninyooshea mimi. Hajawahi. Nikakiweka. Kijana mmoja anayeongea haraka anasoma salamu za watu wa Tarime. Kazi yake anaifanya vizuri, sina neno naye. Nikasikiliza mpaka akasema kwaheri. Hakuna aliyesema ziwa limetulia.

Nikaitoa barua yako nikamsomea yote, mpaka pale uliponiogopa. Hakukitupa kiboksi. Halafu akanishika mkono kwa ule wa kushoto, akaandika kiganjani mwangu kwa kidole. Wewe unajua aliandika nini. Mimi nikasema, nimesoma, Chenge, sina haja ya kurudiwa.

Mchana amekataa chakula. Usiku amekataa. Leo asubuhi nimeloweka mkate kwenye maziwa, amefumba mdomo. Daktari wa hapa amesema moyo wake umechoka, akaninong'oneza mimi peke yangu, nami nikamwambia aseme kwa sauti, huyu ndiye mwenye moyo.

Simu nimeitoa sandukuni. Haitaki kuwaka, inanuka dawa ya nondo. Hata ingewaka, mimi sitamwita mtoto wangu kwa kidude. Nilimfukuza kwa mdomo mbele ya watu, nitamwita kwa mtu.

Kwa hiyo sikiliza, na usiniletee habari ya msimamizi. Mwambie bibi yako anaumwa, na ni kweli. Barua hii Malimi anakuja nayo kesho. Jumanne alfajiri panda basi uende Musoma. Usimpigie simu kwanza, atadhani unamtania. Fika mlangoni, mwite Rose kwa jina, Ogweno awepo, watoto wawepo. Uwaambie Sabina ametuma mtu. Uwaambie hivi hivi, usipunguze: nilisema asikanyage uwanja wangu mpaka nimwite. Namwita. Waje wote, Ogweno naye, nimekwisha kukopa masufuria. Basi la Lindi lingoje.

Uwalete Jumatano, baba yake bado anasikia.

Na mkiingia uwanjani, waambie watoto wasiguse ule waya.

Sabina